Kile Nilichoacha Kukitazama

Nalala kwa hasira baada ya chakula cha mchana. Mume wangu Hiza amesema friji letu bado linagandisha, jingine la nini, nami nimemjibu kwamba miaka kumi na minane naishi na vitu vikuukuu, naye akiwa kimojawapo. Ametabasamu tu. Nafumba macho, na papo hapo nimesimama kwenye barabara ya vioo, barabara isiyo na mwisho, maduka kushoto, maduka kulia, na katika kila kioo nimo mimi, ila yule wa kiooni amependeza kuliko mimi. Nageuka nirudi nilikotoka, na huko nako ni mbele. Mhudumu ananipokea, mrefu, uso wake mtupu, laini kama ganda la yai. Namuuliza bei ya friji la milango miwili. Anasema, Hapa hatupokei fedha, Siwatu, tunapokea kile ambacho mtu ameacha kukitazama. Namcheka. Natoa kitanda chetu, napewa friji. Natoa meza, natoa nguo za harusi, napewa makochi meupe, na kila ninapokalia kochi linachakaa, na duka la mbele lina jingine jeupe zaidi, nami nalitaka hilo. Umebakiwa na nini? ananiuliza. Nafikiri kidogo, kidogo sana. Mume, namwambia.

Kochi linaletwa. Nyuma ya kioo namwona Hiza amewekwa kwenye rafu kati ya pasi na masufuria, na mwanamke nisiyemjua anamshika mkono, anaugeuza, anaona kovu. Hili ulilipataje? Hiza anamsimulia, kwa kirefu, na yule mwanamke anasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlenga. Kisa hicho mimi sikijui. Nagonga kioo kwa ngumi, naita, Hiza! Hiza! Ananigeukia kwa adabu. Pole dada, anasema, umepotelewa na nani? Namwangukia mhudumu miguuni, chukua vyote, nirudishie mume wangu. Utamtambua? ananiuliza. Nitamtambua! Anasogeza kioo, na nyuma yake wamo wanaume mia, shati lilelile, urefu uleule, wananitazama kimya. Chagua, anasema. Napita mbele yao, narudi, napita tena, barabara inarefuka, hakuna anayenisaidia. Mwishowe nanyoosha kidole kwa kubahatisha.

Nafumbua macho. Jua bado liko dirishani na mwanamume amekaa ukingoni mwa kitanda, amenishika mikono. Siwatu, ulikuwa unalia usingizini, anasema. Namtazama. Mbona unaniangalia hivyo? Wewe ni Hiza? namuuliza. Anacheka. Mimi sicheki, natazama nyusi zake, pua, mdomo, nazidi kutazama, na sina cha kulinganisha navyo. Ni Hiza kweli? namuuliza tena. Kicheko kinamwisha. Ananikazia macho kwa muda mrefu, kisha, taratibu, anaitoa mikono yake mikononi mwangu.