Aproni Isiyofungwa Mgongoni

Bega la kulia la Ednah liligoma mwezi wa pili, bila kuanguka wala kugongwa. Asubuhi moja aliinua mkono kuchukua chumvi kwenye rafu, mkono ukafika usawa wa kidevu ukakataa kuendelea. Alidhani amelala vibaya. Wiki tatu baadaye hakuweza hata kujikuna mgongoni.

Daktari mmoja wa Embu mjini alimwambia kwamba bega limeganda, kwamba si ugonjwa wa kuua, na kwamba litajiachia lenyewe taratibu.

"Taratibu ni lini, daktari?"

"Mwaka mmoja. Pengine na nusu."

Akamfundisha zoezi: asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole juu yake kama buibui mpaka pale maumivu yanapoanza, kisha avishushe. Kila siku, asichoke.

Ednah alikuwa mpishi mkuu katika shule moja ya bweni hapo Siakago, mwaka wa kumi na tisa sasa. Walikuwa wapishi sita kwa wanafunzi mia nne. Mkono wake mgonjwa uliendelea kufanya kila kitu kilichokuwa mbele yake na chini ya kifua. Ulichambua ndengu, ulikata sukuma, na kwenye ugali uliongoza mwiko huku wa kushoto ukibeba uzito. Jambo moja tu liliushinda. Haukuweza kwenda nyuma ya mgongo kufunga kamba za aproni.

Na aproni ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia jikoni. Bi Gladys, msimamizi mpya aliyekuja mwezi wa kwanza, alisimama mlangoni kila asubuhi saa kumi na mbili akiwa na daftari lake. Aliyevaa aproni barabara alipita. Asiyevaa alingoja nje. Hakuwa na maneno mengi, na kwa sababu hiyo wapishi walimwogopa zaidi. Walikumbuka yaliyompata Kiunga. Kiunga, aliyekuwa akipika chai na uji, alianza kulalamika mgongo mwezi wa kwanza huohuo. Akaitwa ofisini, akaambiwa apumzike, na kabla ya wiki mbili kuisha mtu mwingine alikuwa ameshika mwiko wake. Hivyo ndivyo habari ilivyosimuliwa jikoni, na kila aliyeisimulia alishusha sauti.

Mkataba wa Ednah ulikuwa unaisha mwezi wa nane. Ikijulikana kwamba mpishi mkuu hawezi hata kujifunga aproni, nani angeuandika upya?

Kwa hiyo alimwambia mtu mmoja tu, Winrose, msaidizi wake. Kila asubuhi wawili hao walikutana nyuma ya stoo ya kuni, Winrose akamfunga kamba upesi, wakaingia kama watu waliovaa nyumbani. Lakini Winrose alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama, Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo siku yangu ya mwisho," alimkumbusha, mkono mmoja kiunoni. "Na mimi nikiinama tena hapa nyuma ya kuni, mtoto atazaliwa akijua kufunga kamba."

Ednah akacheka, kisha akakosa usingizi. Siku iliyofuata alikwenda kwa Gachoki fundi.

Duka la Gachoki lilikuwa karibu na soko la mbuzi. Ndani kulikuwa na cherehani moja, meza moja na kioo chenye ufa. Hakuna aliyemfundisha kushona. Alifumua suruali kuukuu ya baba yake, akaishona upya, akaifumua tena, mpaka akaelewa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na aliuliza maswali mengi kabla ya kugusa mkasi.

"Wapishi wenzangu wanataka aproni ambayo mtu anavaa haraka," Ednah alisema. "Hizi za kamba zinasumbua. Juzi kamba ya mmoja iliingia kwa moto."

Hilo la moto lilikuwa kweli. Alilishikilia.

"Haraka kiasi gani?"

"Haraka tu, Fundi. Ile ya kushika kwa nguo na kwenda."

"Anayevaa ana kitambaa kichwani? Mikono imelowa ama imekauka?"

"Fundi, ni aproni. Sio ndege."

"Hata aproni inaweza kuanguka, Mama Kinyua," Gachoki akasema polepole, akaandika maswali yake nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

Aproni ya kwanza ilikuwa na mkanda wa lastiki wa kupitisha shingoni. Ednah aliijaribu nyumbani peke yake. Lastiki ilishika kitambaa cha kichwa, ikakwama kwenye sikio, na mkono wa kulia haukuweza kupanda kuikwamua. Alikaa kitandani akiwa na aproni usoni kwa muda mrefu kabla ya kujitoa kwa mkono wa kushoto. Alipoirudisha alisema inaharibu vitambaa vya kichwa.

Ya pili ilikuwa na kulabu mbili za kufungia nyuma. "Kama zile za..." Gachoki alianza kueleza, akatazama dari. "Unazijua."

"Nazijua," Ednah akasema. Alijua pia kwamba sidiria zenyewe alikuwa ameacha kuzivaa tangu mwezi wa tatu. Siku mbili baadaye aliirudisha. "Rangi sio nzuri."

"Ni kile kitambaa chenu. Ile bluu uliyoniletea."

"Imekolea."

Gachoki alikitazama kitambaa, akamtazama Ednah, akakitazama kitambaa tena. "Sawa," akasema.

Ya tatu ilimpa matumaini. Fundi alikuwa ameshona kwenye kifua cha aproni ule utepe wa kushikana wa viatu vya watoto, ule unaolia kraa ukiubandua, na pacha wake akaushona kwenye nguo ya kazi ya Ednah. Ednah aliibandika mbele kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila kumwita mtu. Siku ya kwanza ilishika. Siku ya pili ilishika. Siku ya tatu walipika ugali, unga ukaingia kwenye utepe, na Ednah alipoinama juu ya sufuria ya ndengu aproni ilimwacha bila hata kulia kraa. Winrose aliidaka ukingo wake ukiwa tayari umezama.

"Leo ndengu zina sare!" mmoja wa wapishi akapiga kelele, na jikoni kukawa na kicheko. Ednah alicheka pamoja nao. Kisha akatazama mlangoni. Bi Gladys hakuwepo.

"Inashika unga kuliko inavyoshika nguo," alimwambia Gachoki siku hiyo jioni. "Lakini hii ya mbele ndiyo ilikuwa karibu kufaa."

"Ya mbele," Gachoki akarudia.

Wakati huo Alice, muuza nyanya wa jirani, aliingia na chai, akamwekea Ednah kikombe upande wa kulia. Ednah aligeuza mwili mzima kukichukua kwa mkono wa kushoto. Gachoki alikuwa akivuta uzi kwenye sindano. Akaacha kuvuta.

Alhamisi, siku moja kabla ya Winrose kuondoka, Ednah alitoka shuleni baada ya kugawa chakula cha mchana. Alikuwa ameamua kumwambia fundi aache. Angejua la kufanya Jumatatu ikifika, ingawa hakujua ni lipi. Mlango wa duka ulikuwa wazi nusu. Alipotaka kubisha alisikia sauti ya Alice ndani.

"Ngai! Fundi, umekamatwa?"

Ednah akachungulia.

Gachoki alikuwa amesimama mbele ya kioo chenye ufa, amevaa nguo ya kazi ya wapishi aliyoachiwa na Ednah, juu ya shati lake, bluu, yenye mikunjo mifupi mabegani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kiunoni kwa futi ya kupimia, umezungushwa mara tatu. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akijivisha aproni.

"Sijakamatwa. Napima."

"Unapima nini ukiwa umejifunga kama mwizi wa kuku?"

"Alice, nenda ukauze nyanya."

Alice alitoka akicheka, akampita Ednah mlangoni. "Ingia polepole, Mama Kinyua. Leo ni mwanamke."

Ednah aliingia. Hakukaa. Walitazamana kupitia kioo.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, Fundi. Tangu lini unajua?"

Gachoki alianza kujifungua ile futi, akashindwa kuifikia kwa nyuma, na Ednah akamfungulia kwa mkono wake mzuri. "Uliposema rangi imekolea," fundi akajibu. "Nilishona zote kutoka kitambaa kimoja. Nikajua shida sio rangi. Lakini sikujua ni nini, kwa hivyo nikangoja. Halafu ile chai."

"Umeambia nani?"

"Ningeambia nani? Nimeona mtu akinywa chai."

Ednah akavuta kigoda akakaa. Tangu mwezi wa pili alikuwa amekaza mwili akingoja mtu agundue, na sasa mtu alikuwa amegundua, na nje Alice alikuwa bado anauza nyanya. Pumzi ilimtoka ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Nionyeshe," akasema.

Gachoki alimwonyesha. Kwenye nguo ya kazi, chini kidogo ya mabega, alikuwa ameshona mafundo mawili ya kitambaa, manene kama punje kubwa za maharagwe. Mengine mawili yalikuwa kiunoni, pande zote mbili, mbele ambako mkono unafika. Aproni haikuwa na kamba hata moja. Ilikuwa na vitanzi vinne vyembamba. Ulisukuma fundo ndani ya kitanzi kwa kidole gumba, basi.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwa mbuzi wangu. Juzi alikata kamba akaingia kwa nyanya za Alice. Nikamshika pembe kwa mkono mmoja, na mwingine nikamfunga." Akachukua kamba iliyoning'inia ukutani. Upande mmoja ilikuwa na kitanzi, upande mwingine fundo, kama kamba zote za mbuzi za pale Siakago. "Nimefunga mbuzi hivi tangu nikiwa mdogo na sijawahi kufikiria. Hii kamba ilitengenezwa na mtu ambaye mkono mmoja una kazi nyingine. Na akivuta, inazidi kukaza."

Ednah alivua sweta. Alikuwa na nguo ya kazi chini yake, lakini haikuwa na mafundo, basi akaweka ile ya fundi juu yake, mkono mgonjwa ukitangulia kwenye mkono wa nguo kama alivyojizoeza. Kisha aproni. Kifua kushoto. Kifua kulia. Kiuno. Kiuno. Akainama kama anayekoroga, akainuka, akainama tena. Ilibaki.

"Na fundo likianguka kwenye chakula? Jikoni Madam hataki pini wala kifungo."

"Hilo fundo ni nguo yenyewe iliyokunjwa na kushonewa ndani. Hilo likianguka, ujue umebaki bila nguo."

Ednah alicheka mpaka bega likamuuma.

"Niletee nguo za wote sita," Gachoki akasema. "Kesho jioni, nizishone Jumamosi."

"Za nini zote? Mimi peke yangu ndiye..."

"Ukivaa hii peke yako, watauliza kwa nini. Wakivaa wote, ni aproni ya jikoni."

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro, wapishi walivaa nje ya mlango wakipiga kelele kama watoto. Ednah alivaa katikati yao, wazi, akatumia muda mfupi kuliko wengine kwa sababu alikuwa amefanya mazoezi Jumapili nzima baada ya kanisa. Bi Gladys alikuja na daftari. Alitazama kifua cha Ednah, akashika ukingo wa aproni akauvuta. Akauvuta tena kwa nguvu. Mafundo hayakutoka.

"Hakuna kamba ya kuingia motoni," akasema. "Nani alifikiria hii?"

Jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni: wapishi wote. Ednah alilifikia akaliacha. Alikuwa amechoka na stoo ya kuni.

"Ni mimi nilienda kwa fundi, Madam. Bega langu limeganda. Siwezi kufunga kitu nyuma."

Wapishi wakageuka kumtazama.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

Bi Gladys alifungua daftari, akarudisha kurasa nyuma, nyingi, akipitisha kalamu. Ednah aliona ni safu za saa tu: chai saa ngapi, chakula cha mchana saa ngapi. "Tangu mwezi wa pili," msimamizi akasema, "chakula kimechelewa mara mbili. Zote mbili maji yalikuwa yamepotea." Akalifunga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kiunga alisema mgongo, akafukuzwa."

"Kiunga?" Kwa mara ya kwanza tangu aje, uso wa Bi Gladys ulionyesha mshangao. "Kiunga aliniomba mwenyewe aende. Kaka yake amefungua hoteli huko Kinoru, karibu na uwanja. Alinipigia Pasaka hii, kunisalimia. Mgongo umepona, anauza supu. Ni nani aliwaambia nilimfukuza?"

Wapishi walitazama viatu vyao. Ednah naye alitazama vyake, maana na yeye alikuwa ameisimulia, na sauti ameishusha.

"Nitahitaji barua ya daktari," Bi Gladys akasema, "ili iandikwe kwamba hunyanyui sufuria juu. Wengine watanyanyua. Sasa ingieni, uji unangoja." Kisha, akiwa amekwisha kugeuka, "Na huyo fundi, mwambie aje anione. Kuna watu wa maabara pia, nao huvaa aproni."

Siku hiyo ndengu ziliiva mapema. Baada ya chakula cha mchana Ednah alisimama mbele ya ukuta wa jikoni, ule mweupe ulio karibu na mlango, ambako kwa miezi minne hakuthubutu kufanya zoezi la daktari. Vidole vyake vilikuwa na unga. Akavipandisha kimoja kimoja, polepole, mpaka usawa wa sikio, hapo maumivu yakaanza, akasimama.

"Umefika wapi, Mama?" mpishi mmoja akauliza.

"Hapa."

Yule aliyepiga kelele kwamba ndengu zina sare akaokota kipande cha mkaa chini ya jiko, akaja, akachora mstari mweusi mfupi juu kidogo ya alama ya unga. "Kesho ni hapa," akasema.

Ednah aliutazama ule mstari. Kisha akashusha mkono, akafungua aproni yake mwenyewe, mafundo manne, na kwenda kuinywa chai yake ikiwa bado moto.