Pole Iliyochelewa

Sidra alipotoka Karachi kuja Mtwara kusimamia ubora katika kiwanda cha kubangua korosho, alijiambia kwanza kazi, mambo ya watu baadaye. Alipanga chumba Mikindani kwa Bi Zarina, mjane wa jamii yake mwenye duka la vitambaa, na jioni walizungumza Kigujarati kama vile hakuna aliyevuka bahari. Kiwandani alikuwa mtu mwingine. Asubuhi wachambuaji wa korosho walimsalimia, wakamuuliza ameamkaje, wa nyumbani hawajambo, joto amelizoea? Yeye alijibu "Nzuri" akiwa ameshawapita.

"Ana maringo," walisema. Saida, aliyekaa meza ya karibu na ofisi, aliwakatalia. "Mgeni huyo. Mwacheni azoee."

Kisha baba yake Saida akafariki kijijini Mpapura. Kiwanda kizima kilipanda lori kwenda kuzika, meneja naye. Sidra alibaki, akasema kuna mzigo wa kukagua. Saida aliporudi, Sidra alimwambia, "Afadhali umekuja, kazi imelundikana."

Tangu hapo hata Saida hakumtetea tena. Hakuna aliyemgombeza. Walimsalimia kwa adabu, ila kwa kifupi kama alivyozoea kuwajibu, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Bi Zarina aliposimuliwa aliweka kikombe chini. "Hukwenda msibani?"

"Marehemu simjui, mama."

"Saida je, humjui?"

Sidra akainama. "Sasa nimeshachelewa."

"Umechelewa, ndiyo. Nenda hivyo hivyo."

Siku ya mapumziko alichukua bajaji hadi Mpapura, mchele na sukari kikapuni. Alimkuta Saida barazani akimenya mihogo na mama yake, Bi Mwajuma. Saida akainuka, mikono imejaa udongo, asijue acheke au anune.

"Nimekuja kutoa pole," alisema Sidra. Maneno mengine aliyoyapanga njiani yote yalimtoka kichwani.

Bi Mwajuma alimsogezea mkeka. Wakakaa, wakimenya, mgeni akiwatazama. Baada ya muda mama akauliza, "Na wewe mwanangu, baba hajambo huko kwenu?"

Sidra alifungua mdomo aseme hajambo.

"Amefariki," alisema. "Masika yaliyopita, nikiwa hapa hapa. Walinipigia simu. Kesho yake nikaenda kazini."

Saida akaacha kisu. "Kesho yake? Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Na siku ya msiba wenu niliogopa. Nilijua nikikaa kwenye mkeka, nitalia wangu."

Bi Mwajuma alimsogelea. Alimvuta, akamlaza begani. Sidra akalia kwa sauti kilio kilichokawia, na Saida akalia naye, kila mmoja baba yake. Majirani wakaja mbio kuuliza, jamani, nani tena?

"Baba yake huyu," Saida aliwajibu. Wakaketi nao.

Jumapili iliyofuata wachambuaji walifika Mikindani, wakavua viatu mlangoni mwa duka. Bi Zarina alidhani ni wateja, akaanza kushusha majora ya vitambaa.

"Shikamoo, Bi Zarina. Tumekuja msibani," alisema Saida.

"Msiba gani?"

Alipoambiwa, alisimama kitambo na jora mkononi. Kumbe mtoto alikuwa akilala ukuta kwa ukuta naye, na yeye hakujua. Akafunga duka, akatandika mikeka sebuleni, akaenda kumwita Sidra huku machozi yakimlengalenga.

Walisoma Fatiha. Wakanywa chai. Kisha wakamuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, na Sidra akawaeleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: fundi saa, mpole, asiyejua kuimba lakini kila akinyoa ndevu lazima aimbe. Mmoja akataka kusikia aliimbaje. Sidra akajaribu, sauti ikapasuka katikati, wakacheka wote, na yeye akiwa wa kwanza.

Walipoondoka alimpigia mama yake simu. "Leo watu wamekuja kumlilia baba."

"Wanamjua wapi?"

"Hawamjui."

Mama akataka atajiwe majina yao, mmoja mmoja, awaombee dua. Sidra akaanza na Saida.