Mlango Usiokwaruza

Karakana ya mbao ilipofungwa, mwenye mali aliuza mashine moja moja mpaka likabaki vumbi la mbao tu sakafuni, na hilo nalo watu wakaja kulizoa wakawashie moto. Hakuna aliyekuwa akijenga tena. Waliokuwa wamefika nusu walitundika gunia mahali pa mlango, wakasema tutaona mbele. Sasa fundi milango atakula nini, ikiwa watu wanalala na magunia?

Fundi huyo walimwita Bawaba, kwa kuwa alikuwa mrefu, mkimya, na akiinama alijikunja mahali pamoja tu, kiunoni. Mkewe alifua nguo za watu. Wateja wake nao wakaanza kufua wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia kwa upole, si kwa ubaya dada, hali tu. Mtoto wao wa kike akawa analamba sufuria hata iliyokwisha oshwa.

Neno "wizi" halikutamkwa nyumbani mle hata siku moja. Bawaba alisema tu kwamba milango ya mtaa wa juu anaijua, nusu yake aliitia yeye, na kitasa alichokitia kwa mkono wake hakiwezi kumkatalia. Mkewe akauliza yeye atasimama wapi. Ndivyo ilivyoanza.

Walikwenda mchana, watu wakiwa makazini. Mke alikaa nje na beseni la nguo kichwani, kama dobi anayemngoja mwenye nguo; akiona mtu, anakohoa. Bawaba aliingia, akatoka na pasi au redio, wakaifunika kwa mashuka ndani ya beseni, kila mmoja akashika njia yake. Vitu vikauzwa, unga ukapatikana, mtoto akaacha kulamba sufuria. Njaa haina macho, na wao wakafumba yao.

Lakini Bawaba alikuwa na ugonjwa wake. Hawezi kuona mlango unakwaruza sakafu akaupita. Mkono unamwasha, na randa yake alitembea nayo chini ya shati. Siku walipoingia kwa mwalimu mstaafu, mama aliyekuwa akiishi peke yake, mlango wake wa chumbani ulikuwa umevimba kwa mvua. Mke amesimama nje, beseni linamlemea shingo, kaona mtu anakuja, amekohoa, amekohoa tena mpaka koo limemuuma kweli, na ndani anasikia randa inakwenda na kurudi, taratibu, kama mtu aliyelipwa. Mpita njia akapita zake, kwa bahati. Bawaba alipotoka, maranda ya mbao yalikuwa yamemganda nyweleni.

"Una wazimu wewe?"

"Mlango ulikuwa unamtesa yule mama. Kila siku anausukuma kwa bega."

"Na redio yake uliyoibeba, hiyo haimtesi?"

Bawaba alijipangusa kichwa, maranda yakaanguka njiani, naye mkewe akayaokota yote, hata lile dogo kabisa.

Habari ilifika bombani kabla ya jua kuchwa. Mwalimu alikuwa amesimulia mwenyewe: mwizi kachukua redio, kaacha mlango unafunguka kwa kidole. Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Mmoja akasema huyo mwizi na aje kwake, paa linavuja. Mke wa Bawaba alicheka nao, maana asiyecheka ndiye hutazamwa.

Polisi hawakucheka. Mwizi mwenye randa ni seremala, wakasema, na seremala aliyekuwa bado na vyombo vyake, asiyeviuza wala kuvificha, alikuwa Gundi. Huyu alikuwa amefanya kazi benchi moja na Bawaba tangu ujana. Jina alilipata siku alipokalia gundi mbichi, akaenda nyumbani amejifunga gunia, suruali kaiacha imeganda kwenye benchi. Wakamkamata.

Mama yake Bawaba alikuja kesho yake mchana, wote wawili wakiwa nyumbani. Akaunyanyua mlango wao kwa kitasa na kuusukuma, ukakwaruza sakafu kama kawaida. Mganga hajigangi: tangu waoane mlango ule ulikuwa hivyo, na mke alikuwa ameuzoea, kwani mkwaruzo ule ndio uliokuwa ukimwambia mumewe amerudi. Akamwamkia mama mkwe, akamwekea kigoda. Mama hakukaa. Alisema anatoka kituoni kumpelekea Gundi chakula, naye hakuweza kutafuna, taya limevimba kwa kipigo. Kisha akaugeukia mlango, akaushika ukingo.

"Mimi mwenye wazimu wa milango nimemzaa mmoja tu," akasema.

Mke alisema wakimbie, leo hii, kwa ndugu zake wa mbali. Alikuwa ameshaanza kukunja khanga. Bawaba akamuuliza na Gundi je, na swali hilo likakaa katikati ya chumba, hakuna aliyeweza kulipita. Basi twende kituoni wote wawili, mke akasema, nilisimama nje nikakohoa, mlinzi wa mwizi naye ni mwizi.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia, "macho yangu yamekwisha. Mtoto akisogelea moto sitamwona. Mbakishieni mmoja."

Bawaba aliung'oa mlango wao, akaulaza juu ya vigoda, akaupiga randa kwa chini, akaupitisha msasa, akautia mafuta kwenye bawaba, akaurudisha. Mtoto alicheza na maranda, akayatia masikioni kama herini. Baba mtu akamtazama mpaka akatosheka, kama mtu anaweza kutosheka. Kisha akatoka. Mlango ukafunga nyuma yake bila sauti, mkewe akabaki amekodoa macho, kwa kuwa masikio hayakumwambia kwamba ameondoka.

Jioni Gundi akaachiwa. Alipita pale, hakuingia. Aliinama, akapapasa ukingo wa chini wa mlango kwa dole gumba, huku na huku.

"Mshenzi yule," akasema kwa taya lake bovu. "Benchini hakuwahi kupiga randa hivi."

Akaenda zake. Tangu siku ile mke wa Bawaba hafungi mlango mchana. Hata akifua, hukaa ameuelekea, kwa maana mumewe akirudi hatamsikia.