Jina Ndani ya Tanuri

...na hili tumbo, aliwaza Sirengo, hili tumbo alilolilea kwa pilau ya harusi za watu miaka thelathini, ndilo limemsaliti leo mchana kweupe, limeingia nusu na nusu limegoma, kichwa na mikono na kifua viko ndani ya tanuri la garimoshi bovu hapa Bungoma, makalio na miguu viko nje kwenye kibanda cha dereva, na huko nje wenzake wa Chama cha Wapenzi wa Garimoshi, Kitale, badala ya kumvuta wanabishana, ati jina gani la injini lilikuwa zuri kupita yote na lipi lilikuwa baya, kana kwamba hakuna mtu amekwama, kana kwamba hayo makalio yalikuja na injini kutoka kiwandani... "Milima, bana," anasema Kipkoech, mwalimu mstaafu wa jiografia, sauti yake inafika humu kama inatoka kwenye debe, "injini ikiitwa Mlima Elgon, kabla haijapiga honi ushaiheshimu," na Osman mwenye hoteli ya chai anamrukia, "Mlima unakaa mahali pamoja, Mwalimu, wewe ushaona mlima ukienda Malaba?" na kicheko, na Jepkorir, katibu, anataka waseme na mabaya ayaandike, "Magavana!" "Wapi, ni makabila, fikiria injini ina jina la kabila yenu, inakufa pale Timboroa, abiria wote wanatukana kabila yenu mpaka asubuhi!"... siku nyingine Sirengo angeingilia hapo hapo, angewanyang'anya kicheko mdomoni, yeye mwenyekiti, yeye msema-chochote wa harusi zote za Trans-Nzoia, lakini ukingo wa mlango umemkaba mbavu, akivuta pumzi chuma kinambana, akiitoa chuma kinamfuata, na simu imemponyoka imelala kule chini, kurunzi yake ikimulika ukuta mzima wa tanuri, kushoto kutu, kulia masizi, mbele vichwa vya ribiti vimepangana kama vifungo vya koti la askari, na jina hakuna, amelitafuta mara tatu, hakuna S, hakuna hata mkwaruzo wa kujipa moyo... na si yeye mwenyewe aliyejipiga kifua asubuhi? Injini ndogo za kusukuma mabehewa kama hii hazikupewa majina, zilipewa namba tu, na ya hii imeliwa na kutu, basi leo chama kinaibatiza, Nasro mwandika mabango amesimama chini na mkebe wa rangi nyeupe, na makubaliano ni haya, likionekana jina ambalo baba yake Sirengo, mchochea moto, alilichonga humu kwa patasi, itaandikwa SIRENGO ubavuni, herufi za kuonekana toka barabarani, lisipoonekana watapiga kura, mlima au kabila au gavana... "Mwenyekiti! Umeona jina?" Jepkorir huyo, na kumbe ni rahisi hivyo, neno moja tu, lipo, nani atakuja kuhakikisha, mlango wenyewe ameuziba kwa tumbo lake kama kizibo, lipo, na baba yake, mzee wa kijijini Matulo, anaandikwa kwa rangi nyeupe, akafungua mdomo aseme lipo na masizi yakaingia kabla neno halijatoka, akakohoa, akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kupanda mlima, kinavuta, kinakwama, kinavuta, na nje wakapasuka, "Haiya! Anatufanyia mzee!" "Ongeza, Mwenyekiti, ongeza!" wakapiga makofi, wanapiga makofi, kwa sababu hicho ndicho kichekesho chake kinachojulikana kutoka Cheptais mpaka Malakisi, baba akikohoa mpaka anageuka garimoshi, watu huanguka kwenye viti, bibi harusi hulia machozi mpaka wanja unashuka, na sasa anataka kuwaambia hiki ni cha kweli, jamani, lakini hakuna pumzi ya kuwaambia, na cha kweli na cha jukwaani ni kimoja, hakuna tofauti hata nukta, alikiiga vizuri mno... alikuwa na miaka minane, baba kakaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika ukuta, moshi wa mafuta mazito wa miaka yote unamtoka kidogo kidogo, na yeye Sirengo mlangoni nyuma yake anamwiga kwa ndugu zake, mabega juu, macho yametoka, ndugu wanajiziba midomo, baba akageuka, akamwona, na hakumchapa, afadhali angemchapa, alicheka naye, na kicheko kikageuka kikohozi, na watoto wakazidi kucheka... sasa hilo jina, baba alimwambia lini? Tuseme jioni, tuseme amekaa wapi, tuseme alitumia maneno gani... Sirengo anatafuta sauti ya baba ikisema nimechonga jina langu ndani ya tanuri na haioni, anaona ukumbi Kitale, harusi ya watu wasiomjua, kikohozi kimekwisha na watu bado wanataka, maikrofoni imelowa jasho mkononi, hana kitu kingine, akaropoka, "Na mzee akaandika jina lake ndani ya moto!" na ukumbi ukasimama, na kesho yake akalisema tena, na mwaka uliofuata akaliongezea patasi... na kidole gumba, ee, kidole gumba, kwa nini kinakuja sasa, siku ya kustaafu karani alikishika kidole gumba cha baba, akakikandamiza kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi, na baba akakifutia kwenye suruali kabla hajatoka nje aliposimama mwanawe mwenye sare ya shule, mzee hakujua kuandika, patasi gani, jina gani, na hilo Sirengo alilijua siku zote, kila usiku wa harusi alilijua... kitu alichosema baba kuhusu injini hii ni kimoja, akamwonyesha kwa kidole siku ile ile, kile kile chenye wino, imeegeshwa hapa hapa, akasema, yule pale ni Mama Mkwe, unamnywesha mafuta siku nzima hashibi, unamrushia mchanga wa kumsafisha mabomba anakutemea moshi usoni, na kumjibu huwezi, na kumkodolea macho huwezi, na kwao Matulo mama mkwe humpi hata mkono, ukikutana naye njiani unaingia majanini, na tazama yeye Sirengo sasa, Mungu wangu, kamwingia mpaka kiunoni... "Mwenyekiti, Nasro anauliza, aandike Sirengo ama?" Pumzi ipo ya maneno machache, akayahesabu, "Halipo," akasema, "hakuliandika. Mzee hakujua kuandika. Nilitunga mimi." Akasikia bati la kibanda likilia kwa upepo, na kikohozi kikamjia tena, akakizuia, kikakataa, kikatoka chote, kirefu, mpaka mbavu zikagonga chuma, na hakuna aliyecheka. Kisha mkono ukamgusa kiatu, Osman bila shaka, akauliza polepole kama anayeuliza mgonjwa, "Sasa yeye mzee alikuwa akiiita nani?" Sirengo akaangalia ule ukuta mtupu, kurunzi imeanza kufifia, akamwambia, na tumbo bado liko pale pale mlangoni, halikusogea hata unyoya, na kule chini akasikia Nasro akibandua kifuniko cha mkebe.