Tarehe ya Fundi Cherehani

Kabla ya kuifungua tovuti mpya ya makaburi, dada aliyeitengeneza aligundua kwamba kompyuta inasoma mwezi mahali pa siku: aliyefariki tarehe tatu mwezi wa nne, inamwandika tarehe nne mwezi wa tatu. Akairekebisha. Tarehe zote zikakaa sawa, ila ya fundi cherehani mmoja ikaangukia mwezi ujao.

Akampigia mtunza makaburi. "Shikamoo, babu. Kaburi la fundi cherehani lina mtu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado. Mwenyewe huja kulifagia kila asubuhi. Ile tarehe tuliikuta jiweni."

Dada akarudi kwenye kompyuta. Akaigeuza tena tarehe ya fundi peke yake, mwezi mahali pa siku, ikawa ya miezi iliyopita, akidhani siku iliyokwisha kupita haimdhuru mtu, kisha akaifungua tovuti.

Kesho yake babu akapiga, anahema. "Umefanya nini? Fundi hakuja. Kaburi limefukiwa, na nyasi zake ni za miezi."