Pembe za Mchana

Jumanne asubuhi Mzukisi alikaa kwenye benchi la zahanati ya Mthimde, na mama yake, Nofezile, akamshikia koti. Tangu arudi kutoka mgodi wa dhahabu, Mzukisi hakuweza kulala chali. Akijinyoosha tu, kifua kinambana, basi usiku kucha anakaa ameegemea ukuta wa msonge, macho mlangoni. Dawa za usingizi zilikwisha zahanati nzima mwaka juzi. Bango la kuzisifia lilibaki.

Sista Noluvo, muuguzi, alikuwa ametoka semina mjini.

"Nimefundishwa kwamba mtu akisimulia yaliyompata, anapona," alisema. "Hata kidonge hahitaji."

"Kumbe ndiyo maana wametuletea semina," alisema Nofezile.

"Mama, mwache asimulie."

"Atasimulia usiku, motoni, kama watu."

"Mimi gari langu linaondoka saa kumi jioni."

"Basi utamwotesha mwanangu pembe."

Huko kwao Upondoni kila mtoto anajua kwamba anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Sista Noluvo naye alizaliwa huko huko na alilijua. Ila alisema pembe ni za ngano, za sungura na zimwi. Mtu akieleza mambo yake mwenyewe, mchana haumdhuru. Hapo alikosea, na si haki kumlaumu, maana hakuna aliyewahi kujaribu.

Mzukisi akasimulia. Mwamba uliporomoka chini ya ardhi, yeye akavutwa nje kwa miguu. Rafiki yake Thembelani, aliyekua naye hapo hapo Mthimde, akabaki upande wa pili akigonga mawe kwa nyundo. Msimamizi akaagiza njia izibwe kwa zege ili kazi isilale. Waliendelea kumsikia akigonga mpaka zege ilipokauka. Baadaye kampuni ikatangaza kwamba Thembelani ametoroka kazini.

Alipomaliza aliomba maji. Juu ya paji la uso vilikuwa vimechomoza vivimbe viwili. Sista Noluvo akavigusa, akavipaka spiriti, akamwita mgonjwa mwingine. Usiku ule Mzukisi alilala chali, akakoroma hata mbwa wakahamia kwa jirani. Mama yake alikesha akimsikiliza, na alilia kwa furaha.

Kila Jumanne alirudi kusimulia, na pembe zikarefuka. Watu wakaona anavyopakua makande mara mbili, nao wakaja. Mama mmoja alieleza habari za watoto wake waliokufa, vidonda vya tumbo vikamwacha. Mzee mmoja alieleza kipigo alichopigwa na polisi kwa kukosa kitambulisho enzi za ubaguzi, mkono ukaacha kutetemeka. Wote waliota pembe. Milango ya misonge ikapanuliwa, na mchungaji akaomba wenye pembe ndefu wakae viti vya nyuma ili wengine waione madhabahu. Nofezile peke yake alibaki na kichwa kitupu, akisimulia usiku kwa ukaidi wake.

Aliyechelewa kuja ni Nosipho, mke wa Thembelani. Yeye hakuwa mgonjwa. Alichotaka ni nguo nyeusi za ujane. Wazee walimkatalia, kwa sababu mke wa mtoro si mjane, na kampuni haijasema mumewe amekufa. Kisimani wenzake walimchokoza: "Shoga, mumeo kaoa huko, sasa hivi anabembeleza kitoto." Alilieleza hilo mbele ya Sista Noluvo bila kutoa chozi. Pembe zake zilitoka nyeusi, zimejipinda vizuri, na zikamfaa.

Sista Noluvo akapiga simu kampuni. Wakamtuma bwana mmoja mwenye upara, naye alikuja mchana, maana ndizo saa zake za kazi. Alimsikiliza Mzukisi mpaka mwisho. Alimwomba mara moja tu ainamishe kichwa, kwa kuwa pembe zilizuia mwanga wa dirisha. Kisha akasimama.

"Thembelani alitoroka," alisema. "Alipanda lango la nyuma, akaenda zake. Tunasikitika."

Wote wakautazama upara wake. Akaletewa chai, akanywa, wakaendelea kuutazama. Akaongezewa kikombe. Upara ulibaki laini.

"Mama, mbona yeye haoti?" Nosipho aliuliza.

"Kwani amesimulia?" alisema Nofezile. "Huyu amekariri."

Bwana yule alishukuru kwa chai akaondoka.

Jioni hiyo wazee walikutana zizini, kwa kuwa Nosipho alipeleka tena ombi lake. Mzee Gcinikhaya alirudia kwamba mila haimruhusu mke wa mtoro kuuvika mwili wake nguo nyeusi. Ndipo Nofezile, ambaye hakualikwa, akauliza kutoka nje ya ua kama pembe ni mwili. Wazee walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe wakakubaliana kwamba mila haisemi lolote kuhusu pembe. Kesho yake Nosipho alizivika pembe zake vitambaa vyeusi, na wanawake wa kisimani wakamletea unga na maziwa mgando, wakakaa naye chini kama inavyopasa kwa mjane.

Kampuni haikubadilisha neno. Kila msimu wa baridi gari lao hupanda mpaka Mthimde kumfuatilia mtoro, kwa sababu aliondoka na taa na nyundo za mgodi, nazo ni mali ya kampuni.

"Mumeo amerudi?" dereva huuliza.

"Bado."

"Na nyundo yetu?"

"Anayo," husema Nosipho. "Muulizeni. Mko naye huko."

Dereva humshukuru, akageuza gari.