Kadi Mbili za Bernardo

"Huyu Niragira ni nani, Mama Jovitha?" Gozbert aliuliza, akiwa ameinama nyuma ya kiti cha Deodata hadi harufu ya karanga alizokuwa akitafuna ikamfikia puani. "Hana baba, hana mwaka, hana kijiji. Ni mwandishi huyu au ni jini?"

Deodata alicheka kidogo, kile kicheko cha adabu ambacho mtu humpa mkuu wake wa kazi. Kwenye kioo cha kompyuta kadi ya jina ilikuwa wazi. Ilikuwa na neno moja tu, Niragira, na chini yake vijitabu viwili vya hadithi za Kirundi vilivyochapwa kwa stensili misheni, miaka ya themanini.

"Nitamtafuta," alisema.

"Mtafute leo. Kesho asubuhi orodha ya maktaba yetu inafunguliwa mtandaoni. Mtu akiwa Dodoma, akiwa Bujumbura, akiwa Ulaya huko, anaandika jina na kutuona sisi hapa Biharamulo. Sitaki aone majini." Akaenda zake mezani kwake, akijichekea mwenyewe.

Kwa miezi mingi Deodata alikuwa akifanya kazi ambayo majirani zake hawakuielewa. Alikuwa akipatanisha majina. Mwandishi mmoja huweza kutumia jina la ubatizo hapa, jina la nyumbani pale, na mahali pa tatu mpiga chapa akalikosea kabisa. Msomaji hukipata kitabu kimoja akadhani mtu yule aliandika hicho tu. Kwa hiyo Deodata alichagua jina moja liwe rasmi, akalifungulia kadi, na yale mengine akayawekea kielekezi: Tazama fulani. Bado waliziita kadi, ingawa makabati ya kadi za karatasi yalikwisha kuchukuliwa na jiko la chuo kuwekea vitunguu.

Mumewe alikuwa akimtania kwamba yeye ni balozi wa nyumba kumi wa majina. "Hata wafu lazima wapite kwako waandikishwe," alikuwa akisema, huku akivua viatu mlangoni.

Na kweli, alipokufa naye alipita. Kadi yake ilikuwa kwenye B. Bartholomayo, Bernardo. Kitabu cha majina ya miti kwa lugha ya Kihangaza, kijitabu cha ufugaji wa nyuki, kitabu cha majina ya vilima vya Bugarama. Alizaliwa Bugarama, wilaya ya Ngara. Mwaka wa kufa Deodata aliujaza mwenyewe, kiangazi kilichopita, siku aliyorudi kazini baada ya kuanua matanga. Gozbert alimwambia aache, wangeujaza wengine. Alikataa.

Mwaka wa kufa ulikuwa wa kweli. Bugarama haikuwa kweli. Bernardo alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi, akavuka mwaka wa vita akiwa mgongoni kwa shangazi ambaye hakuishi hadi mvua zilizofuata. Mzee Bartholomayo, mfugaji nyuki wa Bugarama, alimpa pa kulala, akampeleka shule, akampa na jina lake. Lakini ujanani lugha ya mama ilimjia kama njaa. Akaandika vile vijitabu viwili, na juu yake akaweka jina aliloitwa na mama yake, Niragira. Rafiki mmoja alimvuta pembeni akamwambia, acha mambo hayo, utajiumbua, watajua ulikotoka. Akaacha. Toka siku ile hakuandika tena neno la Kirundi, wala hakulitaja jina lile mbele za watu, mpaka figo zilipomlaza hospitali.

"Mama Jovitha," alimwambia alasiri moja, midomo imemkauka, "nimeishi nusu nusu. Ukifika kwenye N, uniunganishe."

Deodata aliahidi. Nani angemkatalia mtu katika hali ile?

Sasa alikuwa kwenye N. Aliandika taratibu, kidole kimoja kimoja: Niragira. Tazama Bartholomayo, Bernardo. Aliutazama mstari ule. Mume wake mzima mzima alikuwa mle ndani, toka mgongoni kwa shangazi hadi kaburini. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza Hifadhi.

Mlango ulilia. Aliingia binti yake, viatu vimejaa vumbi jekundu, bahasha ya kaki imebanwa kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

Jovitha aliketi juu ya kile kigoda cha kufikia rafu za juu. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi. Ilikosekana namba ya kitambulisho cha taifa peke yake, aliyotoka kuifuatilia ofisini, na bila hiyo nafasi ingepewa mwingine.

"Nirudi Jumatatu na shahidi wa upande wa babu. Kuna mama mmoja mle ndani, mpole kweli kweli. Ananiuliza, binti, mbona baba yako alibatizwa mkubwa? Nikamwambia, shikamoo yako mama, kule Bugarama zamani padri alikuwa anapita kama mvua ya kiangazi. Akacheka. Halafu akaandika kitu."

"Aliandika nini?"

"Sasa ningemchungulia?" Jovitha akainuka kunyoosha mgongo, na macho yake yakaangukia kwenye kioo. Akasoma. Akarudia kusoma. "Mama. Hiki nini?"

"Kielekezi."

"Kinaonekana na nani?"

"Kila mtu. Ndiyo kazi yake."

"Hata yule mama mpole?"

"Akiliandika jina la baba yako, ndiyo."

Jovitha aligeuka kumtazama Gozbert, aliyekuwa mbali, anahangaika na waya wa feni. Akashusha sauti. "Watanipeleka wapi, mama? Huko ng'ambo hata mbuzi wa huko hatujuani."

"Labda hakuna atakayetafuta."

"Labda." Aliipangusa bahasha vumbi ambalo halikuwepo. "Si ndiyo orodha hii hii mnayofungua kesho Ulaya nzima ione?"

"Nilimwahidi, Jovitha."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya pazia na uji, nikasikia." Macho yake yalikuwa makavu. Tangu mazishi yalikuwa makavu. "Baba hakuna wa kumfukuza tena pale alipo. Mimi nipo."

Aliinama akamgusa mama yake bega, kama mtu anavyogusa sufuria kujua kama bado ya moto, akatoka. Deodata alimfuata kwa macho kupitia dirishani. Alikwenda wima kwenye barabara ya kupandia Boma la Wajerumani, na alipopishana na askari wawili wa usalama barabarani akakaza mwendo. Zamani hakuwa hivyo. Zamani angewasalimia.

Mstari ulikuwa bado umekaa palepale, haujahifadhiwa wala haujafutwa.

Saa za alasiri alikuja bibi mmoja amejitanda kitenge, ndala mkononi. Alikuwa amezivulia mlangoni kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Alisema anaitwa Nimpaye, wa Ntobeye kule Ngara, amekuja kumwuguza mjukuu hospitalini, na nesi amemwambia huku kuna vitabu hata vya lugha za nyumbani.

"Shikamoo bibi. Unatafuta kitabu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna hadithi tulisomewa nikiwa mke mchanga. Mtoto katumwa kuomba moto kwa jirani. Kaupata, kaushika kwenye kigae, anarudi anaupuliza. Kufika, kaya yote imehama. Amesimama pale na moto wake." Alitazama huku na huku. "Ni kweri mnayo?"

Deodata aliinuka. Hakuhitaji kutafuta. Alikitoa kijitabu kwenye bahasha yake ya plastiki akampa, na bibi akakaa kwenye benchi, akakifungua juu ya mapaja, akasoma kwa sauti ya chini huku kidole kikitembea. Mahali fulani alicheka. Mahali fulani alirudia mstari mmoja mara mbili. Sauti ilikuwa ya Nimpaye, lakini maneno yalikuwa ya Bernardo, mapumziko yalikuwa yake, hata ile tabia yake ya kusimama kabla ya neno zito kana kwamba analipima mkononi. Tangu azikwe, Deodata hakuwahi kumsikia karibu namna ile.

"Mwanangu," bibi aliita alipomaliza. "Huyu Niragira yuko wapi siku hizi? Hakuandika tena?"

"Mwulize huyo huyo!" Gozbert alidakia toka mezani kwake. "Hata sisi tunamtafuta toka asubuhi. Eti Mama Jovitha, amepatikana?"

Wote wawili walimtazama Deodata. Feni ilikuwa imewaka hatimaye, ikawa inakwaruza juu yao.

"Hajulikani," alisema Deodata.

"Basi andika hivyo hivyo, hajulikani. Tufunge kazi."

Bibi Nimpaye alitikisa kichwa. "Hajulikani vipi mtu kama huyu? Huyu ni mtoto wa watu." Alikifunga kijitabu kwa mikono miwili, akakirudisha juu ya meza, akakipapasa. "Ukija kumpata, mwambie Ntobeye bado tunaye. Mwambie yule mtoto mimi nilimlilia."

"Nitamwambia, bibi."

Alipokwisha toka, Deodata alirudi kwenye kompyuta. Aliufuta mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo: Bernardo akaondoka kwanza, kisha Bartholomayo, kisha lile neno Tazama. Likabaki Niragira peke yake. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: mwandishi hajulikani. Akabonyeza Hifadhi. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikakubali.

Gozbert aliaga akipiga mluzi. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye rafu za chini. Deodata hakuinuka. Aliifungua orodha nzima, kama itakavyoonekana na watu kesho, akaenda kwenye B mpaka akampata mumewe na miti yake na nyuki wake. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha kushuka chini na kuanza kubonyeza kuelekea kwenye N, jina moja, jina jingine. Walimu waliokufa. Mapadri. Watu wa Muleba, wa Kibondo, wa mahali asipopajua. Kila mmoja alimsoma kabla ya kumpita.

Alikuwa kwenye K mlinzi alipogonga kioo cha dirisha kwa funguo.

"Mama Jovitha, nafunga."

"Bado kidogo," alisema bila kugeuka, akabonyeza tena.